Bakteria wa Mizizi na Udongo Uliochoka

Kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba yapata asilimia 78 ya hewa tunayoivuta ni gesi ya naitrojeni. Ni wachache, hata hivyo, wanaoulizwa swali linalofuata: ikiwa naitrojeni imetuzunguka kwa wingi namna hiyo, kwa nini mahindi katika shamba lililolimwa miaka mingi hugeuka manjano kuanzia majani ya chini, yakadumaa, na hatimaye kutoa vibunzi vidogo? Wataalamu wa kilimo hujibu kwamba mahindi hayo yana njaa ya naitrojeni. Jibu hilo ni sahihi, lakini linahitaji maelezo.

Tufanye hesabu kidogo. Uzito wa naitrojeni iliyomo katika hewa yote iliyo juu ya hekta moja ya shamba, karibu na usawa wa bahari, ni takriban tani 78,000. Mwalimu wa fizikia aweza kuwaongoza wanafunzi wake wafikie kadirio hilo wenyewe kwa kuanzia kanieneo ya hewa. Mkulima naye akivuna tani 1 ya punje za mahindi, huondoa shambani kiasi cha kilo 15 tu za naitrojeni. Basi shamba hufilisika kwa kukosa kilo 15, ilhali juu yake kuna tani 78,000.

Sababu yake ni ya kikemia. Katika hewa, atomu za naitrojeni huishi mbilimbili, zikiwa zimeshikamana kwa vifungo vitatu vilivyo imara mno. Mmea hauna uwezo wa kuvivunja. Mmea huweza kutumia naitrojeni baada tu ya kuunganishwa na haidrojeni au oksijeni, kama ilivyo katika amonia na naitreti. Binadamu alijifunza kuifanya kazi hiyo kiwandani mwanzoni mwa karne ya 20: Fritz Haber aliionyesha kwa mafanikio katika maabara mwaka 1909, na Carl Bosch akaiwezesha kufanyika katika kiwanda kikubwa nchini Ujerumani mwaka 1913. Huhitaji joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na kanieneo kubwa kuliko ya hewa ya kawaida kwa zaidi ya mara mia moja. Mbolea za chumvichumvi zenye naitrojeni, ikiwamo urea, hutokana na kazi hiyo. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko huo ni msaada mkubwa, lakini bei yake hufuata bei ya gesi asilia na mambo ya dunia, kama wakulima wetu walivyoona mwaka 2022 bei zilipopanda mno.

Wako viumbe wadogo wafanyao kazi hiyo hiyo katika joto la kawaida la udongo, bila kiwanda. Hao ni bakteria wa vinundu vya mizizi ya mimea jamii ya mikunde, waitwao rizobia. Makala haya yanaeleza namna wanavyofanya kazi na namna ya kuwatumia katika udongo maskini. Hasa yanasisitiza jambo moja linalosahauliwa mara kwa mara: rizobia ni viumbe hai. Anayewanunua na kuwatunza kama anavyonunua chumvi atapoteza fedha zake.

UGUNDUZI ULIVYOPATIKANA

Wakulima wa zamani, katika sehemu nyingi za dunia, walijua kwamba nafaka hustawi vizuri baada ya kunde, karanga au njegere. Mwaka 1838 Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alipima na kuona kwamba baadhi ya mimea jamii ya mikunde huongeza naitrojeni mahali ambapo ngano haiongezi. Chanzo cha nyongeza hiyo hakikujulikana.

Jibu lilitolewa na Mjerumani Hermann Hellriegel mwaka 1886, akishirikiana na Hermann Wilfarth. Walipanda njegere katika vyungu vya mchanga uliounguzwa ili kuua vijidudu vyote, bila kuutia naitrojeni. Njegere zilidumaa. Lakini zilipotiwa maji kidogo yaliyochanganywa na udongo wa shambani, zilifanya vinundu mizizini, zikawa za kijani na kustawi. Nafaka zilizotendewa vivyo hivyo hazikubadilika. Ilikuwa dhahiri kwamba ndani ya udongo ule kulikuwa na kitu hai kilichoshirikiana na njegere peke yake. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria hao kutoka katika vinundu na kuwakuza peke yao. Kabla ya karne ya 19 kwisha, Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner, huko Ujerumani, walikwisha anza kuwatengeneza kwa ajili ya kuuzwa kwa wakulima.

KINACHOTENDEKA NDANI YA KINUNDU

Mche wa mkunde unapohitaji naitrojeni, mizizi yake hutoa kemikali fulani katika udongo. Rizobia wanaofaa huitambua kemikali hiyo, nao hujibu kwa kutoa kemikali yao. Mmea ukiitambua, kinyweleo cha mzizi hujikunja na kuwafumbata bakteria, kisha hujengeka njia nyembamba inayowapeleka ndani. Huko seli za mzizi hugawanyika upesi na kufanya uvimbe mdogo, ambao ndio kinundu. Kwa kawaida vinundu huanza kuonekana kwa macho katika wiki ya pili au ya tatu baada ya mbegu kuota.

Ndani ya kinundu bakteria hubadilika umbo na kuanza kazi kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho naitrojinesi. Kimeng'enya hiki kina udhaifu mmoja mkubwa: huharibiwa na oksijeni. Nao bakteria hawawezi kupata nguvu za kufanyia kazi bila oksijeni. Tatizo hili hutatuliwa na protini nyekundu iliyo ndugu wa hemoglobini ya damu yetu. Protini hiyo hushika oksijeni na kuwagawia bakteria kidogo kidogo, kwa kadiri ya mahitaji yao, bila kuiacha ielee ovyo.

Kwa hiyo mwalimu hahitaji hadubini ili kujua kama kinundu kinafanya kazi. Ang'oe mmea kwa jembe, pamoja na udongo wake, wakati unapoanza kutoa maua. Auoshe taratibu katika ndoo ya maji. Kisha apasue vinundu kwa wembe. Kinundu chenye rangi ya waridi au nyekundu ndani kinafanya kazi. Kilicho cheupe ama bado ni kichanga, ama kimekaliwa na bakteria wasiofaa. Cha kijani au kahawia kimezeeka. Yafaa kutahadhari pia: baadhi ya minyoo midogo ya udongo huleta uvimbe katika mizizi. Kinundu cha rizobia hushikilia mzizi kwa ubavuni na hubanduka kwa urahisi, bali uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliofura.

Ushirikiano huu si wa bure. Mmea huwalipa bakteria kwa sukari inayotengenezwa na majani, na malipo hayo ni makubwa. Ndiyo maana mmea unaopata naitrojeni nyingi kutoka katika mbolea hupunguza vinundu vyake, kwa kuwa hauna haja ya kugharimia kitu ulichokwisha kukipata.

MASHARTI YA MAFANIKIO

Kutokana na maelezo hayo tunaweza kutaja masharti manne.

Kwanza, bakteria na mmea wapatane. Kunde, karanga na choroko hazichagui sana, nazo hupata wenzi katika udongo mwingi wa Afrika. Soya ni tofauti. Asili yake ni Asia ya Mashariki, na aina zake nyingi huhitaji rizobia maalumu ambao hawamo katika mashamba yetu mengi. Zao hili lilipoletwa Amani, Tanga, mwaka 1907, mbegu ilifika katika nchi isiyo na wenzi wake wa asili. Maharage ya kawaida yana tatizo la aina nyingine: rizobia wenyeji huwa wengi, lakini aghalabu ni wavivu. Huwahi nafasi mizizini na kuwazuia wale hodari tunaowaleta. Kwa sababu hiyo matokeo ya kuyapaka maharage bakteria hubadilika sana kutoka shamba hadi shamba.

Pili, bakteria wawe hai. Mama anayebakiza mtindi kidogo kibuyuni ili maziwa mapya yagande anafanya jambo linalofanana kabisa na hili: anahifadhi mbegu ya viumbe hai. Akiuchemsha mtindi huo, maziwa hayatapata chochote kutoka kwake. Vivyo hivyo, pakiti ya rizobia ni unga laini mweusi, aghalabu wa mboji ya vinamasini, au tope linalobaki maji ya miwa yanapochujwa katika kiwanda cha sukari. Ndani ya unga huo mna bakteria. Pakiti iliyo nzuri huwa na angalau milioni 1,000 katika kila gramu 1. Pakiti hiyo ikiachwa dirishani pa duka lenye jua, au ndani ya gari lililofungwa, bakteria hufa na unga hubaki vile vile. Jicho halioni tofauti. Basi mnunuzi na atazame tarehe ya mwisho ya kutumiwa, aulize pakiti ilikowekwa, na aihifadhi mahali penye ubaridi na kivuli.

Tatu, udongo uwe na chakula kingine. Rizobia hutoa naitrojeni peke yake. Fosforasi lazima itoke kwingine, na kazi ya vinundu huihitaji sana. Udongo mwekundu uliochakaa, wenye chuma na alumini nyingi, huifunga fosforasi isipatikane na mizizi. Tena udongo ukiwa na asidi kali, alumini huyeyuka na kuiumiza mizizi, na molibdenamu, ambayo ni sehemu ya kimeng'enya tulichokitaja, huwa adimu. Hapo pakiti bora kuliko zote haitafaa kitu. Tanzania ina bahati ya kuwa na mawe ya fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ambayo huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wenye asidi, yaani pale pale yanapohitajika.

Nne, naitrojeni ya mbolea isizidi. Anayepaka mbegu bakteria kisha akamwaga urea kwa wingi amelipa mara mbili kwa kazi moja.

FUNZO KUTOKA BRAZILI

Mfano mkubwa wa masharti haya kutimizwa kwa pamoja unatoka ng'ambo ya Atlantiki, katika nchi yenye udongo unaofanana na wetu. Mbuga pana za Brazili ziitwazo Cerrado zina udongo wa kale, wenye asidi nyingi na fosforasi haba. Kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa hazifai kwa kilimo kikubwa. Katika miaka ya 1960, Johanna Döbereiner, mwanasayansi aliyezaliwa Ulaya na kuhamia Brazili, alishikilia kwamba aina mpya za soya zichaguliwe kwa kutegemea bakteria, pasipo mbolea ya naitrojeni. Kwa njia hiyo aina za mbegu zisizopatana vyema na rizobia zilijitenga zenyewe mapema. Wakati huo huo udongo wa Cerrado ulitiwa chokaa ya kupunguza asidi na mbolea ya fosfeti.

Leo Brazili ndiyo mzalishaji mkubwa wa soya duniani, na soya hiyo hulimwa karibu yote bila mbolea ya naitrojeni. Kazi hiyo imeendelezwa na wengine, miongoni mwao Mariangela Hungria, aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2025. Atakayeiga pakiti ya bakteria kutoka Brazili na kuiacha chokaa na fosfeti ameiga nusu ya jambo.

Barani Afrika juhudi zimefuata njia mbili. Ya kwanza ni kuwaleta bakteria kwa mmea. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza unga wa rizobia uitwao Biofix, nacho Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilipata kutengeneza wake ulioitwa Nitrosua. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009, uliwafikishia wakulima wa nchi kadhaa mbegu, fosfeti na rizobia kwa pamoja. Njia ya pili ni kuubadili mmea ili uwakubali bakteria wenyeji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, Nigeria, walizalisha aina za soya zisizochagua sana wenzi. Kila njia ina faida zake. Ya pili humfaa mkulima aliye mbali na duka lenye jokofu, ingawa hata aina hizo mara nyingine huzaa zaidi zikipakwa bakteria walio hodari.

JE, MIKUNDE HURUTUBISHA SHAMBA DAIMA?

Vitabu vingi husema kwa kifupi kwamba mikunde hurutubisha udongo. Usemi huo wahitaji kupimwa. Tani 1 ya punje za soya ina takriban kilo 60 za naitrojeni, kwa kuwa soya ina protini nyingi. Tuchukulie mkulima amevuna tani 1.5: punje zimeondoka na kilo 90. Tuchukulie pia kwamba majani, mashina na mizizi vina kilo 30, hivyo mmea wote una kilo 120, na kwamba asilimia 60 ya hizo, yaani kilo 72, zimetoka hewani. Kilo 48 zilizobaki zimetoka katika udongo. Mabua yakirudishwa shambani, udongo hurudishiwa kilo 30, nao umepungukiwa na kilo 18. Mabua yakichomwa au kupelekwa mbali, upungufu hukaribia kilo 48.

Hesabu hii haipunguzi thamani ya soya. Mahindi yaliyolimwa bila mbolea huchukua naitrojeni yao yote udongoni, nayo hayatupatii protini nyingi namna ile. Lakini inatufundisha kwamba rutuba hubaki shambani pale tu masalio ya mazao yanapobaki. Kwa jambo hilo mbaazi ni mwalimu mzuri. Hudondosha majani mengi, hukaa shambani muda mrefu, na hupandwa pamoja na mahindi, kama wakulima wa Babati wanavyofanya.

JARIBIO LA SHULENI

Mambo haya yanaweza kuchunguzwa na darasa lolote. Chukueni udongo kutoka shamba lililochoka, mzichanganye konzi chache za fosfeti, kisha jazeni makopo 16 ya lita 4 yaliyotobolewa chini. Pandeni soya katika makopo yote, mkiyagawa katika makundi manne ya makopo manne.

Kundi la 1: mbegu zisipakwe kitu.
Kundi la 2: mbegu zipakwe unga wa rizobia walio hai, kwa maji ya sukari kidogo ili unga ushike, zikaushwe kivulini na kupandwa siku hiyo hiyo. Fuateni kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti.
Kundi la 3: mbegu zipakwe unga ule ule, uliokorogwa katika maji na kuchemshwa kwa dakika 15, kisha ukapoa kabisa.
Kundi la 4: mbegu zisipakwe kitu, bali mimea inyweshwe kila wiki kikombe kimoja cha maji yenye gramu 1 ya urea kwa lita.

Pandeni kundi la 2 mwisho kabisa na kunaweni mikono, maana bakteria huhama kwa vidole. Baada ya wiki sita au saba, ng'oeni mimea, oneni rangi ya majani, hesabuni vinundu, pasueni vichache, kisha kausheni mimea na kuipima uzito.

Matokeo yasomwe kwa makini. Kundi la 2 likistawi kuliko la 1 na la 3, udongo ulikosa rizobia wanaofaa, na kazi imefanywa na viumbe hai, wala si unga wenyewe. Makundi ya 1, 2 na 3 yakilingana, yote yakiwa ya kijani yenye vinundu vyekundu, udongo tayari una bakteria wanaofaa, na mkulima wa mahali hapo hana haja ya kununua pakiti. Makundi hayo matatu yakiwa manjano pamoja na la 4 likawa la kijani, chunguzeni pakiti: huenda bakteria walikufa kabla hawajafika darasani. Na makundi yote yakidumaa, hata lile lililonyweshwa urea, basi njaa ya udongo huo si ya naitrojeni peke yake. Huo ndio wakati wa kupeleka sampuli ya udongo kwa bwana shamba ili ipimwe asidi na fosforasi.

Wanafunzi watakaofanya jaribio hili watakuwa wamejibu, kwa udongo wa kijiji chao, swali ambalo mkulima jirani hulijibu kwa kubahatisha na kwa fedha zake. Walimu na wayapeleke matokeo hayo kwa wazazi na kwa bwana shamba, wakiwa wamebeba mimea yenyewe na mizizi yake iliyooshwa, ili kila mtu apasue kinundu na kujionea rangi iliyomo.